Kanuni zitangulie mkopo: barua ya wazi kutoka Uvira

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Benki Kuu ya Kongo (BCC), Kinshasa
Kwa viongozi wa mamlaka ya posta na mawasiliano (ARPTC), Kinshasa
Kwa wakurugenzi wa kampuni za simu na benki zinazokopesha watu kwa njia ya simu

Waheshimiwa,

Naomba niseme haja yangu bila kuzunguka. Ninaishi Kalundu, bandarini Uvira, na ndimi ninayetunza daftari la AVEC yetu, kikundi cha majirani cha akiba na mikopo. Katika mikutano yetu mambo mawili yanarudi kila mara: pesa ya simu, ambayo imetufaa sana, na mkopo wa simu, ambao unatutia wasiwasi. Ombi langu ni moja: kanuni zitangulie mkopo. Zitangazwe kwa lugha tunayoielewa na zisimamiwe kweli, kabla madeni ya simu hayajaenea ufuo mzima huu wa kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, kuanzia Kavimvira hadi Makobola, Mboko na Baraka.

Kwanza nitoe shukrani inapostahili. Tangu mwaka 2012, Airtel Money na M-Pesa zilipoingia nchini mwetu, na baadaye Orange Money, maisha yamepata wepesi ambao wazazi wetu hawakuujua. Mzazi wa Uvira anamlipia mtoto wake masomo Bukavu bila kumkabidhi dereva bahasha. Mfanyabiashara wa Sange au Luvungi halazimiki tena kufunga noti kiunoni na kupita nazo kwenye vizuizi vya barabara ya bonde la Ruzizi, akiomba Mungu asipekuliwe. Watafiti Tavneet Suri na William Jack, katika jarida la Science mwaka 2016, walikadiria kwamba M-Pesa ilizitoa kaya 194,000 za Kenya kwenye umaskini mkubwa kabisa, sawa na karibu asilimia 2 ya kaya zote za nchi hiyo, na kwamba waliofaidi zaidi ni kaya zinazoongozwa na wanawake. Faida hiyo ilitoka katika kutuma pesa na kuiweka. Kukopa ni jambo lingine, na linataka uangalizi mwingine.

Watu wa Uvira wanavutwa na mkopo wa simu kwa sababu milango mingine ni mizito. Benki inataka hati ya kiwanja au mshahara unaopita kwake. Mama anayeuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, hana hata kimoja. Pembeni yupo yule tunayemwita Banque Lambert. Unachukua kwake dola 100 leo, mwezi ukiisha unarudisha 130, na wapo wanaodai 150, huku televisheni yako imebaki nyumbani kwake kama rehani. AVEC ni salama, lakini sanduku lake ni dogo: ukihitaji mtaji wiki ambayo wenzako wameshakopa, unangoja zamu. Basi simu inapomwambia mtu abonyeze namba moja apate pesa sasa hivi, bila mdhamini na bila foleni, atakubali. Simlaumu. Ninawauliza ninyi mnaoitoa pesa hiyo na mnaotoa ruhusa ya kuitoa.

Mkopo una kalenda yake, na ziwa lina kalenda yake. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa. Siku za giza vyombo vinatoka Kalundu jioni. Alfajiri wanawake wanavingoja mchangani na mabeseni, bei inakatwa palepale kabla jua halijapanda, kisha samaki wanatandazwa wakauke. Mvua ikiwakuta hawajakauka, mtaji wa siku hiyo umeoza. Mbalamwezi inapokolea, taa hazivuti tena samaki, na vyombo vingi vinakaa ufukweni mpaka mwezi upungue. Hapa kila mtu anayajua hayo, na katika AVEC tunayahesabu: hatumbani mama wa ndagala katikati ya mbalamwezi. Mkopo wa simu hauyahesabu. Aliyekopa kwa siku 14 mwishoni mwa giza anadaiwa wakati vyombo ndiyo kwanza vinaanza kurudi majini, na yeye hajashika hata kilo moja ya kuuza.

Yapo na mapumziko marefu kuliko hayo. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake wa ziwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaane. Sababu yake ni njema, na nchi nne zinazolizunguka ziwa hili, yaani Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zinalijadili jambo hilo pamoja. Je, mkopeshaji wa simu ana mpango gani kwa mteja ambaye ziwa lake limefungwa miezi mitatu? Kama hana, basi ametengeneza mkopo wa mtu mwenye mshahara wa mwezi, akauleta kwa watu wasio na mshahara.

Nije kwenye bei. Kenya ilitutangulia, na historia yake iko wazi kwa anayetaka kujifunza. Mkopo wa M-Shwari ulianza Novemba 2012, kwa ada ya asilimia 7.5 kwa kila mkopo wa siku 30. Ukiisikia mara moja ni ndogo. Ukikopa na kulipa kila mwezi kwa mwaka mzima, umelipa asilimia 90 ya kiasi unachokizungusha. Baada ya M-Shwari zikaja programu nyingi za simu, nyingine zikiwa hazina leseni ya mtu yeyote. Sheria ya kuziweka chini ya Benki Kuu ya Kenya ilitiwa saini Desemba 2021, na kanuni zake zikatoka Machi 2022, karibu miaka kumi tangu mkopo wa kwanza. Kufikia Novemba 2022, Benki Kuu hiyo ililazimika kuweka mpango maalumu wa kuwasafisha wadaiwa wa mikopo midogo ya simu: watu milioni 4.2, deni la karibu shilingi bilioni 30, na benki zikatakiwa kusamehe angalau nusu. Walikuwa watu waliokopa kidogo kidogo, wengi wao mtaji wa genge, nauli au ada ya shule.

Tanzania nayo imeonja. Huko mikopo ya aina hii watu waliibandika jina la kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni, ikawaonya wananchi wasiyaguse. Onyo lilikuja baada ya watu wengi kulia.

Sisi wa Kongo tumechelewa, na mara hii kuchelewa ni bahati. Hatuna sababu ya kupita kwenye tope lilelile ili tufike kwenye kanuni zilezile. Majirani wamekwisha kuandika. Tunachotakiwa ni kusoma na kutenda.

Sasa nizungumzie siri za watu, kwa sababu hapa ndipo woga wangu ulipo mkubwa zaidi. Mkopeshaji wa simu hakuombi hati ya kiwanja kwa kuwa anachukua dhamana nyingine: habari zako. Anaangalia unanunua unite (muda wa maongezi) mara ngapi, unapokea pesa kutoka kwa nani, unamtumia nani, unapiga simu ukiwa wapi. Kwa simu kubwa, programu nyingine zilikwenda mbali zaidi, zikafungua orodha ya majina yote yaliyomo ndani. Huko Kenya, mtu alipochelewa kulipa, wakusanyaji wa madeni waliwapigia simu bosi wake, wakwe zake na mchungaji wake kumtangaza kuwa ni mdaiwa. Watu hao hawakukopa wala hawakudhamini. Kosa lao ni kuwa kwenye simu ya mwenzao. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya iliitoza kampuni ya Whitepath faini ya shilingi milioni 5, na mwaka huohuo ikaitoza Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, shilingi 2,975,000. Google nayo, kuanzia 31 Mei 2023, ilizikataza programu za mikopo kusoma majina na picha zilizo kwenye simu za watu. Faini zile ziliwezekana kwa sababu Kenya ilikuwa na sheria ya mwaka 2019 na ofisi ambayo mlalamikaji anaweza kuiandikia na kujibiwa.

Kongo haina uhaba wa maandishi. Kifungu cha 31 cha Katiba yetu kinampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake binafsi na siri ya mawasiliano yake. Kanuni ya Dijitali (Code du numérique), iliyotiwa saini 13 Machi 2023, ina sehemu nzima ya kulinda data za watu na inataja mamlaka ya kuisimamia. Lakini mkazi wa kata ya Kasenga hapa Uvira ambaye siri yake imevuja leo aende kwa nani? Mlango wa kubisha ni upi, na uko mtaa gani? Haki isiyo na mlango inabaki Kinshasa.

Na kuvuja hakuanzii kwenye mitambo mikubwa. Njooni mketi nusu saa kwenye kabine yoyote ya ajenti wa pesa ya simu katika kata ya Mulongwe. Pana mwavuli wenye rangi ya kampuni, meza ndogo, simu tatu za vitufe na daftari la mistari. Kila anayetoa pesa anaandikwa humo: jina, namba ya simu, namba ya kadi ya mpiga kura, kiasi, sahihi. Daftari liko wazi. Anayefuata kwenye foleni anasoma kiasi alichochukua aliyetangulia, na akipenda anainakili namba yake. Likijaa, linawekwa chini ya meza, na hakuna mteja anayejua linaishia wapi. Ajenti hana kosa. Ndivyo alivyoagizwa aandike ili ajitetee siku ya ugomvi. Kosa ni la aliyepanga utaratibu huo bila kumfikiria anayeandikwa.

Kwingine duniani siri ya namna hii ikivuja, mtu anasumbuliwa na matangazo ya biashara. Kwetu anaweza kugongewa mlango usiku. Watu wa ufuo huu na wa milima iliyo juu yake wametawanyika kwa sababu ya vita: wako Burundi, Tanzania, Marekani, Kanada, Australia. Pesa wanayotuma ndiyo inayolisha nyumba nyingi za Uvira. Anayejua kwamba nyumba fulani imepokea dola 300 wiki hii, anajua pia wapi pa kwenda na bunduki. Na katika mji ambao Desemba 2025 uliona jeshi moja likitoka na jingine likiingia, karatasi inayoonyesha nani anatumiwa pesa na nani inaweza kusomwa kama ushahidi wa nani yuko upande gani. Mpangaji wa mitambo aliyeketi Kinshasa, Nairobi au Johannesburg huenda halioni hilo. Ninaomba alione. Uvira, kutunza data ni kutunza roho za watu.

Jambo jingine dogo lenye uzito. Wengi hapa wanatumia namba iliyosajiliwa kwa jina la mume, la mtoto au la jirani, kwa sababu siku ya kuisajili kadi yao ya mpiga kura ilikuwa imepotea au maandishi yake yamefutika. Kwa hiyo mashine inayompima mkopaji huenda inampima mtu mwingine kabisa. Mke anachelewa, mume anafungiwa. Mtoto anakopa, mama anadaiwa. Nani atasahihisha?

Tena wananchi wana kumbukumbu. Mwaka 2020 ilianzishwa tozo ya RAM, ya kusajili vifaa vya simu: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo na dola 7 kwa simu za 3G na 4G. Watu waliona unite zao zinakatwa bila kuulizwa, wakalalamika nchi nzima, hadi ikafutwa mwaka 2022. Tangu hapo, ukimwambia mtu wa hapa kwamba kampuni itakata kwenye simu yake kile anachodaiwa tu, anataka kujua nani atahakikisha. Imani ikishavunjika hairudi kwa tangazo la redio.

La tatu, baada ya bei na siri, ni utulivu wa mfumo wa fedha. Wataalamu wanaupima kwa vipimo vyao. Mtu wa Uvira anaupima kwa jambo moja: pesa iliyoandikwa kwenye simu yake igeuke noti siku anapoihitaji. Mwaka 2025 ulitufundisha. Goma ilipoanguka vitani mwishoni mwa Januari na Bukavu katikati ya Februari, benki zilifunga milango, noti zikaadimika, na wenye pesa kwenye simu wakalazimika kumwongezea ajenti kitu ili wapate karatasi mkononi. Barabara yetu ya Bukavu ikakatwa Kamanyola. Vita vilipofika Uvira yenyewe Desemba ile, makumi ya maelfu ya watu walivuka kwenda Burundi na simu mfukoni. Kule mitandao ni mingine: Lumitel, Econet Leo, Onatel. Pesa ya mtu ilibaki Kongo. Deni lake, kama alikuwa nalo, liliendelea kuhesabiwa kila siku alipokuwa amelala chini ya turubai.

Mvua nayo haitusahau. Usiku wa kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Mwaka 2024 ziwa lenyewe lilipanda hadi likaingia bandarini na majumbani. Ninayataja haya kwa sababu yanabadili hesabu ya mkopeshaji. Yeye anahesabu kwamba katika wateja 100, wachache watashindwa kulipa, na waliobaki watafidia. Hesabu hiyo inasimama kama kila mteja ana shida yake na siku yake. Hapa shida hutufika wote siku moja: mto mmoja, ziwa moja, vita vimoja. Wote wanashindwa pamoja.

Na shida haiishii kwenye simu. Mwanachama anayebanwa na mkopo wa simu anakuja kwenye AVEC kukopa ili aulipe. Kisha anarudi kwenye simu ili ailipe AVEC. Mwisho wa mzunguko, siku ya kugawana, sanduku halina kilichoandikwa kwenye daftari, na majirani waliokula pamoja miaka mingi wanapelekana kwa chefu wa kata. Mkopo mdogo wa mtu mmoja umekula akiba ya watu 25. Hili halitaonekana kwenye ripoti ya benki yoyote, kwa sababu AVEC haimo kwenye vitabu vyao. Lakini huo ndio mfumo wa fedha wa wengi wetu, na ukianguka hatuna mwingine.

Wapo watakaosema kiasi ni kidogo mno kuitikisa nchi. Mwaka 2016, watu walioweka pesa BIAC, benki yenye jina kubwa, waliamka wakakuta wamewekewa kikomo cha kutoa pesa yao wenyewe, na Benki Kuu ikalazimika kuingia kuisimamia. Waliotaabika wengi hawakuwa matajiri. Yaliyompata mteja wa benki yasimpate mteja wa simu, ambaye ana akiba ndogo zaidi na pa kulalamikia pachache zaidi.

Hata thamani ya pesa inamchezea mkopaji. Simu zetu zina mifuko miwili, wa dola na wa faranga, na mkopo unaweza kuwa katika huu au ule. Katika nusu ya pili ya mwaka 2025 dola ilishuka kutoka zaidi ya faranga 2,800 hadi karibu 2,200. Aliyekopa faranga na kuweka akiba yake kwa dola alijikuta anauza dola nyingi zaidi kwa kambisti, mbadilisha fedha, ili alipe deni lilelile. Mfanyabiashara mkubwa ana mhasibu wa kumwonya. Mama wa ndagala ana simu tu, na simu haikumwonya.

Waheshimiwa, sanduku la AVEC lina kufuli tatu, na funguo tatu zinashikwa na watu watatu tofauti. Halifunguliwi mpaka wote wakutane. Kila mkopo unatajwa kwa sauti mbele ya kikundi: nani, kiasi gani, atarudisha lini, na nyongeza ni ngapi. Wageni hawasikii, lakini hakuna mwanachama asiyejua. Utaratibu huu ulianzia Niger mwaka 1991, katika kazi ya shirika la CARE na wanawake wa Maradi, ukasambaa Afrika nzima kwa sababu unamlinda asiyejua kusoma sawasawa na anayejua. Mkopo wa simu kwa sasa una ufunguo mmoja, na uko mkononi mwa mkopeshaji. Tunaomba funguo mbili zilizobaki: mmoja wa mteja, mmoja wa serikali.

Kwa hiyo tunaomba haya:

1. Bei nzima ijulikane kabla ya kukubali. Mteja aonyeshwe au asikilizishwe kwa Kiswahili: unapokea kiasi hiki, utarudisha kiasi hiki, siku hii, kwa faranga au kwa dola. Kifungu cha kwanza cha Katiba kinakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa. Menyu ya Kiswahili haitoshi ikiwa mkataba wenyewe uko kwa Kifaransa. Na asiyejua kusoma asomewe.

2. Orodha ya wakopeshaji wenye ruhusa itangazwe kwenye redio za Uvira na ibandikwe kwenye kila kabine. Asiyemo kwenye orodha asipewe njia ya kukata deni kwenye simu ya mtu.

3. Jumla ya ada, riba na adhabu isizidi kamwe mkopo wenyewe. Kenya ina kanuni ya namna hiyo kwa benki zake tangu mwaka 2007. Hakuna sababu ya kumnyima mkopaji mdogo ulinzi anaoupata mkubwa.

4. Orodha ya majina kwenye simu isiguswe. Ndugu, mwajiri au kiongozi wa dini asipigiwe simu kwa deni lisilo lake. Daftari la wazi kwenye kabine liondolewe. Kama kumbukumbu inahitajika, iwe kitabu kinachofungwa, kinachokusanywa na kampuni na kuteketezwa kwa muda uliowekwa.

5. Kiwepo kifungu cha balaa. Vita, mafuriko, au kufungwa kwa uvuvi vikitangazwa, riba na adhabu zisimame kwa eneo lililopatwa, na mtu asiwekwe kwenye orodha ya wadaiwa wabaya kwa sababu alikimbia risasi. Hilo linawezekana: wakati wa korona mwaka 2020, Benki Kuu ya Kenya ilisimamisha kwa miezi sita kupeleka kwenye orodha hizo majina ya walioshindwa kulipa.

6. Kila miezi mitatu Benki Kuu itangaze kwamba pesa zote zilizo kwenye simu za Wakongo zina kiasi kinacholingana nazo katika akaunti za benki. Kanuni namba 24 ya mwaka 2011 ndiyo iliyofungua njia kwa pesa za simu. Basi wenye pesa hizo waonyeshwe inavyofuatwa. Tunataka pia kujua kama kuna mfuko utakaotulipa benki inayozitunza ikianguka, na mpango wa kufikisha noti Uvira barabara ya Bukavu inapofungwa.

7. Pawe na ofisi ya malalamiko hapa Uvira, yenye mtu, kitabu na siku ya kujibu. Namba ya simu ya Kinshasa isiyopokelewa haihesabiki.

Kwa ndugu wakurugenzi wa kampuni nina neno la ziada. Hamhitaji kungoja serikali iwalazimishe. Mnaweza kupanga mkopo unaofuata mwezi wa wavuvi na msimu wa mpunga wa bonde la Ruzizi. Mnaweza kukopesha kupitia AVEC zenye historia njema badala ya kuwavizia wanachama wake mmoja mmoja. Mtalipwa vizuri zaidi, kwa sababu mteja asiyekamuliwa hulipa na hurudi. Sisi tuko tayari kuketi nanyi na kuwafungulia madaftari yetu, kwa idhini ya wenye majina.

Na kwenu majirani zangu, kabla kanuni hazijaja: msikopeshe namba yenu kwa mtu, msimpe yeyote namba ya siri, msikubali programu inayoomba kusoma majina yaliyo kwenye simu, na msikope kulipa deni la mkopo mwingine. Mkibanwa, semeni mkutanoni mapema, kabla sanduku halijaguswa.

Waheshimiwa, hatuombi huruma wala hatukatai maendeleo. Tunaomba kwamba mtu anayetukopesha awe na jina, bei yake ijulikane, siri zetu azitunze, na pesa yetu ipatikane tunapoihitaji. Leseni inayofuata ya mkopo wa simu isisainiwe kabla ya maombi yetu saba kujibiwa. Njooni Uvira, tukae chini, mtusikilize, kisha mwandike.

Wenu katika kulijenga taifa,
Mtunza daftari wa AVEC, kata ya Kalundu, Uvira, Kivu Kusini